Umemtania Bila Kuwa Mtani Wake
Somo kutoka siku moja ya kutazama runinga Kibiti



Ndugu msomaji, somo hili lilianza na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo naomba nilieleze kwanza.

Nilikuwa katika mwaka wa kichungaji, nikihudumia vigango vya upande wa Kibiti, kwenye barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa. Ilikuwa masika. Njia za kwenda vijiji vya delta zilikuwa zimeharibika, na vijana wa kigango walikuwa wamekaa tu bila kazi. Nikaomba ruhusa tuwe na siku moja ya kutazama runinga pamoja: asubuhi vichekesho, mchana tamthilia za kubuni za kisayansi, yaani zile hadithi za safari za angani na za dunia ya miaka ijayo. Walikuja vijana wetu pamoja na wenzao Waislamu. Huku Wakristo ni wachache, na vijana waliosoma darasa moja na kucheza timu moja hawaachani mlangoni kwa sababu ya ukumbi ni wa nani.

Vipindi vyote vilikuwa vya Kiingereza, nikawa mtafsiri. Asubuhi ilikwenda vizuri hadi tulipomaliza kipindi cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza. Katika mazungumzo kijana mmoja, mwenyeji wa delta, alisimama kutoa maoni yake. Mimi, nikiwa bado na moto wa kuchekesha, nikarudia maneno yake kwa kuiga lafudhi yake ya Kindengereko. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akakaa, hakusema tena. Wakati wa chakula sikumwona.

Karibu na mlango alikuwa ameketi babu wa mmoja wa vijana, Mwislamu, mzee wa makamo ya kuheshimiwa. Nilipompelekea sahani yake akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Frateri, umemtania yule mtoto, lakini wewe si mtani wake."

Nimesoma maadili darasani kwa miaka kadhaa. Sentensi ile ya mzee imenifundisha juu ya kicheko kuliko daftari langu lote. Katika somo hili nataka tuichunguze pamoja, kwa msaada wa mafundisho ya Kanisa na vile vipindi tulivyotazama siku ile.

1. Kwa nini tulichagua vipindi vilivyoishi muda mfupi

Tamthilia nyingi tunazozifuata majumbani ni ndefu. Huanza jioni moja, na miezi sita baadaye bado tumo. Tunaendelea kutazama kwa mazoea. Hata tukiulizwa jana ilisema nini, hatukumbuki. Kipindi kifupi hakina nafasi ya kutuzoesha. Kinasema lake kinaondoka. Kwa sababu hiyo kinafaa kwa somo: unaweza kukiona, kukijadili na kukipima katika siku moja.

Mr. Bean, anayejulikana na watoto wa kila kijiji chenye runinga, alitengenezewa vipindi 15 tu vya kuigizwa na Rowan Atkinson, kati ya mwaka 1990 na 1995. Mind Your Language, vichekesho vya Uingereza ambavyo wazazi wetu wengi wanavikumbuka, ilianza mwaka 1977, ikasitishwa mwaka 1979, kisha ikarudi kwa muda mfupi mwaka 1986. Police Squad! ya Marekani ilionyeshwa mwaka 1982 kwa sehemu 6 tu. Firefly, tamthilia ya safari za angani, ilianza Septemba 2002 na kusitishwa kabla mwaka haujaisha. Zilitengenezwa sehemu 14, zikaonyeshwa 11.

Habari ya Police Squad! inastahili kusimuliwa. Ni kichekesho cha polisi ambacho mizaha yake mingi imefichwa nyuma ya waigizaji: bango ukutani, mtu anayepita, kitu kilichowekwa mahali pasipo pake. Inasimuliwa kwamba mkuu wa kituo kilichokionyesha alieleza kuwa kimefutwa kwa sababu kilimlazimu mtazamaji akitazame. Maana yake, watu walizoea kuiwasha runinga huku wakipika, wakila na kuzungumza, na kipindi hiki hakikuwezekana kutazamwa hivyo. Miaka 6 baadaye, mwaka 1988, watengenezaji wake walikigeuza kuwa filamu ya sinema, The Naked Gun, na watu wakajaa kuitazama.

Hapa Kanisa lina neno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, hauwawekei wajibu watengenezaji peke yao. Unasema pia juu ya wajibu wa wasomaji, wasikilizaji na watazamaji: wachague kwa hiari na kwa dhamiri, wajizoeze kiasi, na vijana wajitahidi kuelewa kwa kina wanachokiona na kukijadili na walimu wao na watu wenye ujuzi. Kwa hiyo mtazamaji anatenda jambo la kimaadili hata akiwa amekaa kwenye kiti. Anapocheka, ametenda.

2. Mtafsiri wa kibanda umiza

Kila mtu wa Kibiti anakijua kibanda umiza: chumba cha mabati au makuti, mabenchi yamebanana, runinga moja, kiingilio kidogo, na joto linaloumiza kama jina linavyosema. Humo watu hutazama mpira, na humo ndimo filamu za nje zilipopata sauti ya Kiswahili. Mmoja wa waanzilishi wa sanaa hiyo Dar es Salaam alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Anasimulia, anaongeza, anamtaja mtu wa mtaani, anampa mwigizaji wa mbali methali ya kwetu. Watazamaji hucheka kwa sababu ya mtafsiri kuliko kwa sababu ya filamu.

Siku ile mimi ndiye niliyeshika kazi hiyo, na niligundua ina nguvu ya kutisha kidogo. Mr. Bean hakunihitaji, kwa sababu karibu hasemi. Lakini katika vipindi vingine watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Ndugu zangu mafrateri, tuliangalie hili vizuri. Mhubiri naye amesimama kati ya watu na habari iliyotoka mbali, na watu huipokea kupitia mdomo wake. Akiwa na tabia ya kuchekesha ibada kwa kumdhihaki mtu fulani, waamini watacheka. Watamsifu kwamba padre huyu ni mchangamfu. Na yule aliyedhihakiwa ataondoka kimya, kama kijana wangu.

3. Je, kucheka ni fadhila au ni dhambi?

Waseminari wanaosoma Kigiriki watapenda kulijua jambo hili. Katika barua kwa Waefeso 5:4, Mtume Paulo anataja mambo yasiyowapasa watakatifu: maneno ya aibu, maneno ya upuuzi, na mzaha. Neno la Kigiriki alilolitumia kwa huo mzaha ni eutrapelia. Lakini ni neno lilelile alilolitumia mwanafalsafa Aristotle kuitaja fadhila: uwezo wa mtu kuchekesha na kucheka kwa kiasi, akiwa katikati ya mpumbavu anayechekesha kwa lolote na mkavu asiyecheka kamwe.

Je, Mtume anapingana na mwanafalsafa? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilishughulikia suala hilo katika Summa yake, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168. Anasema akili huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la akili ni mchezo na furaha. Anakumbusha simulizi ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walishangaa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale mfululizo, kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Mtu yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe, akasema Yohane.

Tomaso anakwenda mbele zaidi: kumkosesha mwenzako furaha, wewe mwenyewe hucheki na unawazuia wengine wasicheke, kunaweza kuwa kosa. Kwa hiyo padre au katekista anayedhani utakatifu ni kukunja uso, hana mwalimu katika Tomaso.

Lakini furaha ina mipaka, naye anaitaja mitatu. Kwanza, isitafutwe katika maneno au matendo machafu au yenye kumdhuru mtu. Pili, isimfanye mtu apoteze kabisa utulivu wa nafsi. Tatu, iendane na mtu, wakati na mahali. Mahali pengine, katika swali la 75, anaizungumzia dhihaka: kucheka upungufu wa mwenzako ili aone haya. Kosa hilo anaona laweza kuwa zito kwa kadiri ya anayedhihakiwa na heshima anayostahili.

Nipime sasa. Sikutumia neno chafu. Lakini yule kijana aliona haya mbele ya rafiki zake, ndani ya ukumbi wa Kanisa ambalo si lake, kutoka kwa mtu aliyemkaribisha. Mtu, wakati na mahali: nilikosa katika vyote vitatu.

4. Sheria za utani

Mzee yule hakuwa amesoma Tomaso. Alikuwa na shule nyingine, nayo ni utani.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa utani ni nini. Hata Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Kuna utani wa babu na mjukuu, wa binamu, wa mashemeji, na kuna utani wa makabila, kama ule unaojulikana kati ya Wazaramo na Wanyamwezi. Lakini vijana wengi siku hizi tunajua nusu yake tu. Tunadhani utani ni ruhusa ya kumwambia mtu lolote. Wazee wanajua kwamba utani ni mkataba, na mkataba una pande mbili.

Sharti la kwanza: anayetaniwa anaweza kujibu. Ukimchokoza mtani wako, jiandae, kwa sababu zamu yake inakuja na huna haki ya kununa. Mtu asiyeweza kukujibu, kwa sababu wewe ni mkubwa au una kipaza sauti au uko nyumbani kwako, huyo humtanii. Unamwonea.

Sharti la pili ni zito zaidi. Mtani huja msibani. Anaingia kwa vituko, anaigiza mwendo wa marehemu, anawachekesha waliokuwa wakilia. Na huyohuyo hushika kazi za mazishi ambazo ndugu wa damu wamelemewa kuzifanya. Aliyekucheka ukiwa hai ndiye atakayesaidia kukuzika. Kicheko chake kina deni, na deni hilo hulilipa.

Sasa tuurudie ule ukumbi na vile vipindi. Mind Your Language inawaweka katika darasa moja la London Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mjapani, Mtaliano, Mgiriki na wengine, na kila mmoja anachekesha kwa makosa ya ulimi wake na kwa tabia ambazo watu wamelipachika taifa lake. Nakiri kwamba inachekesha. Lakini aliyeandika mizaha ile hakuwa mtani wa wale watu. Hawakupewa zamu ya kujibu, na wakifiwa hakuna aliyepaswa kwenda. Runinga ilichukua sura ya utani ikaacha masharti yake. Nami nilipotoka pale nikaiga nilichokiona, tena kwa haraka kuliko nilivyodhani.

Mlinganishe na Mr. Bean. Katika kipindi chake cha kwanza kabisa yumo kanisani: anasinzia wakati wa mahubiri, anahangaika kuficha pipi, hana kitabu cha nyimbo, hivyo anangoja neno pekee analolijua, Aleluya, na kuliimba kwa sauti kuu. Vijana walicheka mpaka wengine wakalala chini. Nilipouliza walikuwa wanamcheka nani, binti mmoja wa kwaya akajibu, "Sisi wenyewe, Frateri. Wewe pia ulisinzia Jumapili." Hicho ni kicheko chenye zamu mbili.

Kuna sababu nyingine ya kuliangalia jambo hili kwa makini huku. Mwaka 2016 na 2017 eneo hili lilipita katika kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na askari polisi. Mahali palipopitia hayo, kijana kusimama mbele ya wageni na kusema anachofikiri ni jambo la thamani. Kumnyamazisha kwa mzaha si jambo dogo.

5. Kichekesho cha askari wa Pilato

Injili zinatusimulia kicheko kimoja ambacho hatupaswi kukisahau. Kabla ya kumsulubisha Yesu, askari walikusanyika wakatengeneza igizo (Mk 15:16-20). Walitafuta vazi la zambarau, taji ya miiba, wakapiga magoti na kumsalimu kama mfalme wa Wayahudi. Lilikuwa igizo lenye mavazi, maneno na watazamaji, na bila shaka lilichekesha. Lilimcheka mtu aliyefungwa, wa taifa lililotawaliwa, asiyejibu.

Mkristo anayetaka kujua kama kicheko fulani ni cha haki ajiulize: katika ukumbi huu, Kristo amekaa upande gani? Yuko pamoja na wanaocheka, kama katika arusi ya Kana, au ndiye aliyevikwa zambarau katikati?

Biblia haikatai kicheko. Isaka, mtoto wa ahadi, jina lake lenyewe linahusu kicheko (Mwa 21:6). Zaburi ya 126 inakumbuka vinywa vilivyojaa kicheko Bwana alipowarejesha wafungwa wa Sayuni. Lakini Zaburi ya kwanza kabisa inamsifu mtu asiyeketi pamoja na wenye mizaha. Kitabu kilekile kinatuonyesha kicheko cha waliookolewa na kiti cha wenye dharau.

6. Mchana: hadithi za kesho

Baada ya chakula tuliingia katika tamthilia za kisayansi. Nilikuwa nimevunjika moyo, lakini vijana walikuwa wamekaa tayari.

Tulianza na Firefly, mwanzo wake tu. Nahodha Mal ni askari wa upande ulioshindwa vitani. Kabla ya pigano la mwisho anaubusu msalaba aliouvaa shingoni. Vita vinakwisha vibaya, wenzake wengi wanakufa. Miaka kadhaa baadaye ana chombo chake kidogo cha angani, na abiria mmoja ni mhubiri aitwaye Book. Mezani mhubiri anamuuliza kama atachukia akisali kabla ya chakula. Nahodha anajibu kwamba atachukia tu ikiwa atasali kwa sauti.

Nilisimamisha picha hapo nikauliza: huyu mtu hana imani? Kijana mmoja alisema, "Anayo, ila imeumia." Sijasikia jibu bora zaidi darasani. Ndugu mseminari, utawakuta watu wa namna hiyo katika kila parokia, waliobusu msalaba kabla ya vita na kisha wakazika watu. Book hakubishana naye. Alikaa naye mezani.

Kisha tukatazama filamu fupi ya Kenya, Pumzi, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu mwaka 2009. Si tamthilia ya runinga, ina dakika 20 hivi tu, lakini kwetu ilikuwa karibu zaidi kuliko zote. Ni miaka 35 baada ya vita kuu iliyopiganwa kwa ajili ya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakisafisha jasho na mkojo wao ili wapate cha kunywa. Wakubwa wanasema nje kila kitu kimekufa. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo kutoka mahali asipopajua. Anapanda humo mbegu, nayo inachipua. Ananyimwa ruhusa ya kutoka, anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche na kuumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake. Mwishoni anajilaza juu yake kuukinga na jua kwa mwili wake.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mama mmoja akasema, "Wao walikosa maji, sisi yalitujia mengi mno." Alikuwa akikumbuka mafuriko ya mwaka 2024, yaliyofunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Mazungumzo yakawa ya watu wazima sasa: shamba la mpunga likizama unapanda tena lini, na maji ya chumvi yakipanda je, na mikoko ikikatwa nani anazuia bahari. Mvuvi mmoja alieleza kwamba mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti mama, kisha huanguka ikiwa mche tayari na kuchoma katika tope. "Kwa hiyo mama yake," akasema, "humlea kwanza, halafu humwacha." Katika filamu ile mbegu imeitwa Maitu, neno la Kigikuyu lenye maana ya mama.

Sikuhitaji kuhubiri sana. Tulisoma Yohane 12:24, maneno ya Bwana juu ya chembe ya ngano isiyozaa mpaka ianguke katika udongo na kufa. Hata wageni wetu Waislamu walisikiliza kwa utulivu, kwa kuwa mkulima wa mpunga analielewa andiko hilo kabla ya mwanateolojia.

Papa Benedikto XVI, katika waraka Spe Salvi wa mwaka 2007, anafundisha kwamba sayansi yaweza kuifanya dunia iwe ya kiutu zaidi, na pia yaweza kuiharibu. Lakini anayemkomboa mwanadamu si sayansi, ni upendo. Hadithi za kisayansi zinatufaa kwa sababu zinatuonyesha dunia yenye mashine zote hizo, kisha zinatuacha tuulize ni nini bado kimekosekana. Katika Pumzi mashine zipo. Kilichokosekana ni mtu aliye tayari kutoa chupa yake ya mwisho.

7. Tahadhari ya Alipio

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo, anasimulia habari ya rafiki yake Alipio. Huko Roma wenzake walimburuta hadi uwanja wa mapigano ya kuuana. Aliwaambia wanaweza kuupeleka mwili wake, lakini macho yake hatayafumbua. Akayafumba kweli. Umati ukapiga kelele, akashindwa kujizuia, akatazama. Na Augustino anasema roho yake ilijeruhiwa vibaya kuliko mwili wa yule aliyeanguka uwanjani. Baadaye Alipio aliongoka, akawa askofu wa Thagaste.

Angalia kwamba hakushindwa na macho yake kwanza. Alishindwa na masikio, kwa sauti ya wengi. Nami sikumdhihaki kijana yule nikiwa peke yangu chumbani. Kicheko cha ukumbi kilinibeba. Kwa hiyo tusiogope tu picha mbaya. Tujifunze pia kubaki na akili zetu pale watu wote wanapocheka.

8. Utaratibu wa kufanya siku kama hii

Kwa jumuiya ndogo ndogo, kwa vijana wa VIWAWA au kwa mafrateri wakati wa likizo, napendekeza hivi:

Tafuteni nakala zilizopatikana kwa njia halali, na kiongozi avitazame vipindi vyote kabla ya siku. Anzeni kwa sala. Mnaweza kumwomba Mtakatifu Klara wa Asizi, ambaye Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1958 kuwa msimamizi wa runinga, kwa sababu usiku mmoja wa Noeli akiwa mgonjwa kitandani alijaliwa kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye.

Chagueni vipindi vichache: viwili au vitatu vya kuchekesha, kimoja au viwili vya kisayansi. Kila kimoja kifuatwe na mazungumzo yenye urefu sawa nacho. Baada ya kichekesho swali ni moja: tumemcheka nani, naye angeweza kujibu? Baada ya hadithi ya kesho swali pia ni moja: watu hawa wanatumaini nini, nasi je? Mtafsiri asiongeze dhihaka yake. Na mwenyeji wa mahali apewe nafasi ya kwanza kusema, mgeni aseme mwisho.

Hitimisho

Jioni ile, kabla ya Masifu, nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Nilipiga hodi, nikamwamkia mama yake, nikamwomba radhi kijana mbele yake, kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu. Alinyamaza muda mrefu. Mimi natoka kanda ya ziwa, na ulimi wangu huchanganya "l" na "r" hata nikijitahidi. Hatimaye akaniangalia akasema: "Sawa, Frateri. Lakini na wewe leo ulitutangazia: tusari kabra ya kura."

Mama yake akacheka, naye akacheka, nami nikacheka nikiona haya. Boriti ilikuwa jichoni mwangu tangu asubuhi. Nilipomsimulia yule mzee kesho yake, alitikisa kichwa, akasema, "Basi. Sasa amekujibu." Sehemu ya pili ya mkataba sikuisahau. Miezi miwili baadaye familia ile ilifiwa, nikaenda, nikashika chepe pamoja na wengine.

Maswali ya kutafakari

1. Kumbuka mara ya mwisho ulipocheka sana. Ulimcheka nani? Je, aliweza kukujibu?
2. Katika kabila au ukoo wako, masharti ya utani ni yapi? Yanafanana wapi na mipaka mitatu ya Mtakatifu Tomaso?
3. Mahubiri au tangazo la kanisani limewahi kumnyamazisha mtu kwa mzaha? Jumuiya ilifanya nini?
4. Ni nani katika jumuiya yako ambaye imani yake "imeumia"? Nani anakaa naye mezani?
5. Chupa yako ya mwisho ya maji ni kitu gani, na ni mche upi unaoingoja?